Jina Ambalo Mjukuu Wangu Hakupewa

Habari ya kifo cha Fundi ilinifikia Jumamosi asubuhi, ikiwa imechelewa mwezi mzima. Aliyepiga simu ni dada yake, kutoka Bumula, kule Bungoma. Fundi aliyetengeneza mashine za kupukuchua mahindi kule Saboti kwa miaka mingi alikuwa amekwisha kuzikwa kwao, kando ya mama yake. Namba yangu ilikuwa ndani ya simu yake, na simu ilizimika siku aliyolazwa. Ndugu hawakuiwasha mpaka walipoanza kugawa vitu vyake. "Alikuwa anauliza kila siku," dada akaniambia. "Ati yule Mwalimu wa Kitale, binti yake amejifungua?" Mimi si mwalimu. Aliniita hivyo kwa sababu ya daftari ninalotembea nalo, na sidhani ilikuwa sifa tupu.

Swali hilo lina chanzo chake. Msimu uliopita wa mavuno nilikaa naye uani kwa jirani yangu huku akifungua mashine iliyokwama. Alikuwa mjane, amevuka sitini, na hakujaliwa mtoto. Kwao Bungoma mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wakubwa humtajia majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Jina litakalomtuliza ndilo lake, na wapo wanaoamini kwamba mwenye jina amerudi. Jina la aliye hai halitolewi, na asiye na uzao ni nadra kupata wa kumkumbuka saa hiyo. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, akasema bila kuniangalia, "Mwalimu, binti yako ana mimba. Nikitangulia kabla hajajifungua, na akipata kijana, si umpatie jina langu?"

Ningeweza kujibu ndiyo, au la. Badala yake nilifungua daftari. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisoma jinsi watu wanavyofikiri juu ya maisha baada ya kifo, na nilikuwa na kurasa nyingi. Nilimweleza kuhusu Wahindu, ambao kwao nafsi huzaliwa upya kulingana na matendo yake. Kuhusu Wabudha, wanaofundisha kuzaliwa upya huku wakikana kwamba kuna nafsi isiyobadilika. Na kuhusu makanisa yetu, ambako mtu hufa mara moja na kungoja ufufuo. Kisha nikamtegea swali nililoliona gumu. "Mzee, wajukuu watatu wakipewa jina la babu mmoja, amerudi kwa yupi?" Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Wewe bana! Unahesabu watu kama magunia. Ona hii beringi. Nimeitoa kwa mashine iliyokufa kule Endebess. Sasa imerudi ama haijarudi?" Nikamwambia beringi haina roho. "Lakini inazunguka, si ndio?" Nikasema hiyo si hoja. "Sawa, Mwalimu," akasema, akainamia nati zake. Nilirudi nyumbani nikiamini nimeshinda.

Binti yangu alijifungua mtoto wa kiume hapa Kitale, wiki mbili kabla ya simu ile. Mtoto alilia siku mbili mfululizo. "Baba, hakuna mtu wa kwetu anayetaka jina?" aliniuliza, nusu mzaha. Nilimjibu kwamba jina ni jina tu, nikamchagulia moja lenye maana nzuri, likaandikwa kwenye fomu kabla hawajatoka hospitalini. Nimepiga hesabu ya siku zile mara kadhaa, na jibu halibadiliki: Fundi alikuwa kaburini tayari.

Jumapili nilikwenda Bumula kuhani. Dada yake, mama wa kanisa tangu ujana wake, alinionyesha kaburi. "Pasta alisema amelala mpaka parapanda, na mimi naamini hivyo," alisema. Akang'oa gugu moja. "Lakini jina lake nani atachukua?" Sikuthubutu kumwambia kwamba niliombwa.

Binti yangu nilimwambia yote. Alisikiliza huku akimfunga mtoto nepi. "Huyo mzee alikuwa nani kwetu?" Hakuwa ndugu, hakuwa shemeji. Nikasema ni mtu niliyekuwa nikibishana naye. "Na si ulisema jina ni jina tu, baba? Huyu ameshazoea lake. Kama unataka lile lingine, mwite wewe."

Basi namwita. Kila jioni nikimpakata namtajia jina la Fundi, polepole, mara moja. Kwa uaminifu ninaodaiwa na wasomaji, niseme kwamba hajawahi kunyamaza kwa sababu hiyo, hunyamaza akinyonya. Wala Fundi hajanijia ndotoni. Bado naamini nilichoamini, na daftari bado ninalo. Ila nimejifunza, nikiwa nimechelewa, kwamba mtu anayekaribia kifo akikuuliza habari za huko aendako, umsikilize vizuri, kwa maana pengine anauliza habari za huku anakotoka. Fundi hakuniomba nimthibitishie kwamba atarudi. Aliniomba awepo mtu wa kuitwa kwa jina lake, na hilo lilikuwa ndani ya uwezo wangu.