Sura Yangu Iko Uwanjani Scotland, Maneno Siyo Yangu

...basi kamera ya mechi ikazunguka jukwaa la mashabiki, nikaona sura yangu. Kubwa, kwenye kitambaa cheupe, wazungu wawili wameshika huku na huku. Nikaruka. Mimi ambaye hata kanisani naimba kwa kunong'ona, niliruka nikapiga kelele mpaka Mama Neema, tunayeangalia mpira kwake, akamwaga mchuzi. "Jamani, mtoto wetu yuko Ulaya!" Watu wakanipigapiga mgongoni. Chini ya sura kulikuwa na maandishi, ila mimi Kiingereza sisomi.

Admin nifichie jina, na mnisamehe mwandiko. Nina miaka ishirini na tatu, shule niliachia darasa la sita. Niko Guangzhou, China, nafunga mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani hapa mtaa wa Liuhua. Aliyenileta ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, tumuite Gasto. Yeye ni mkalimani, anawazungusha wateja madukani. Kichina anakitema, Kiingereza anacho. Nalala chumbani kwake, nakula kwake.

Mtauliza Scotland imeingiaje. Kuna fundi wa mtaa wa Kangle, kwenye viwanda vya nguo, alishona jezi za timu moja ndogo ya huko, daraja la chini, akakosea rangi ya kola, mzigo ukakataliwa. Gasto akatuletea, tukawa tunazivaa kwenye mpira wetu. Tukaanza kuitafuta timu yenyewe kwenye simu kwa utani, utani ukageuka ugonjwa. Mechi zao zinachezwa huku tumelala, kwa hiyo tunaangalia marudio Jumapili baada ya kanisa, kwa Mama Neema, na ole wako uchungulie matokeo kabla. Timu inafungwa tu. Lakini nilimpenda kipa wao, mzee mzee hivi, kipara. Akifungwa hafokei mabeki. Anaokota mpira wavuni, anaufuta kwa jezi yake, anaurudisha katikati. Mimi ni mtu wa kuangalia, kuongea siwezi, na yule mtu nilimuelewa.

Basi kocha akafukuzwa, akaletwa mpya. Jamani ile wiki! Mama Neema alimwangalia kwenye picha akasema, "Huyu ana uso wa mtu anayeamka mapema, tutapona." Wairimu, Mkenya anayenunua viatu vya kuuza kwao, akasema, "Huyu atatutoa kwa hii shimo, ngojeni tu." Ukurasa wa mashabiki wa kule ukaomba watu watume video, waseme wanatarajia nini kwa kocha. Gasto akanisukuma mbele. "Bwana mdogo, ongea wewe. Ongea Kiswahili chako, mimi nitaandika Kiingereza chini."

Nikaongea huku machozi yananitoka. Nilisema, "Kocha karibu. Sikuombi kombe. Naomba yule kipa mzee usimtoe. Watu wanamzomea lakini kila siku anakuja. Mimi pia nilishaambiwa sifai, najua inavyouma." Sijawahi kusema hivyo mbele ya watu. Mama Neema alijifuta macho. Gasto alinikumbatia.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Wote wanashangilia, Wairimu kasogeza uso kwenye simu anasoma yale maandishi. Akaniita pembeni.

"Wee, kwani huyo mzee alikukosea nini?"

"Mzee gani?"

"Goli kipa. Hapa wameandika, 'Hata China wanakujua, babu, nenda nyumbani.' Na sura ni yako."

Akatafuta ile video yangu, akanisomea alichoandika Gasto chini yake. Eti mimi nasema, kocha, kazi yako ya kwanza mfukuze huyo babu, mimi huku nasonga ugali vizuri kuliko anavyodaka. Machozi yangu yote yale, wazungu walikuwa wanacheka. Nikaomba turudishe mechi nyuma. Yule kipa alikuwa anapasha misuli, akakiona kile kitambaa, akasimama akaniangalia. Nasema akaniangalia kwa sababu ilikuwa ni mimi pale. Halafu akaenda kukaa benchi, kocha mpya kampanga kijana.

Nilimuuliza Gasto tukiwa chumbani. Hata hakushtuka.

"Wewe unadhani madukani natafsirije? Mteja akimtukana laoban mwenye duka, mimi namwambia laoban mteja kaupenda mzigo. Nikisema kila neno lilivyo, nani atauza? Watu wa kule hawamtaki kipa. Nimewapa wanachotaka. Umekuwa staa, unanuna?"

"Lakini kaka, yale yalikuwa maneno yangu."

"Maneno yako yangeangaliwa na nani?"

Nikavuta shuka nikageukia ukutani. Tangu utoto neno la mwisho ni la Gasto.

Kumbe kulikuwa na kingine. Jana kanituma kwa fundi wa Kangle nichukue maboksi niyafunge yasafiri. Nikafungua moja kuhakiki kama kawaida yangu. Skafu. Mashabiki wa kule wameagiza skafu kwa Gasto, na kwenye kila skafu niko mimi nalia, na yale maneno. Nikazifunga, gundi juu, kamba juu. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Wairimu anasema nirekodi upya niseme ukweli, yeye ataandika Kiingereza sawasawa. Lakini nikifanya hivyo namuanika kaka yangu, wateja wake watajua anavyotafsiri, na mimi nitalala wapi nchi ya watu? Nikinyamaza, yule mzee ataacha mpira akijua hata mtu wa mbali hivi alimchukia. Nyie mnaojua kuongea, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nisaidieni, siyo matusi tafadhali.

Naacha hapa, Gasto anapanda ngazi, namsikia. Kanipigia jezi pasi asubuhi, anasema wa kule wanataka video ya pili, na safari hii nilie zaidi.