Vinu vya Alasiri

Nilipopata kazi ya kumfasiria Bi Mzungu nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya ualimu, nina Kiingereza cha darasani na ulimi ambao mama yangu alisema utanikosesha mume. Ilikuwa miaka ya hamsini, siasa hazijatuingia bado majumbani. Bi Mzungu alitoka kwao kuja kuchunguza afya ya wanawake wa Ng'ambo: wamezaa wangapi, wamezika wangapi, wanaumwa nini na kwa nini. Watu wa Mji Mkongwe walimshangaa. Kwao Ng'ambo palikuwa mahali pa kutoa mayaya na wachukuzi, si mahali ambapo mtu huenda kuuliza swali na kungoja jibu. Mimi nilizaliwa huko, kwa hiyo nilimpenda kabla sijamjua.

Alijifunza kupiga hodi na kusimama nje mpaka aitikiwe. Alivua viatu, akakaa mkekani, miguu yake mirefu hajui aiweke wapi, na wanawake walimcheka mpaka wakamzoea. Walimjibu kila kitu. Walimweleza homa zao, hedhi zao, watoto waliowatoka mikononi. Lakini alipoona jino halipo, au jicho limevilia damu, au alipoambiwa mimba kubwa imeharibika, akauliza imekuwaje, jibu lilikuwa moja katika kila nyumba.

"Nliteleza chooni."

Nami nikafasiri. Hapa mtu kateleza chooni, jirani yake kateleza chooni, wa nyumba ya nyuma naye kateleza. Siku moja Bi Mzungu akaomba aoneshwe choo chenyewe. Akaingia, akasugua soli ya kiatu chake sakafuni, akasugua tena. Sakafu ilikuwa kavu, ya mawe yenye kukwaruza, hata mtoto anayejifunza kutembea asingeteleza pale.

"Huwa pana maji," mwenye nyumba akasema haraka.

Bi Mzungu alinitazama kama anayesubiri niongeze neno. Mama mwenye nyumba naye alinitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba. Nikafasiri maji. Baadaye Bi Mzungu alipendekeza kwa wakubwa wake kwamba sakafu za vyoo vya Ng'ambo zitiwe saruji ya kukwaruza. Nikikumbuka hucheka, kisha huona haya.

Sababu sote tuliijua, na mtaa wetu ulikuwa na namna yake ya kuifunika. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na boriti, zimebanana, na kiambaza cha udongo hakizuii sauti. Mume akianza kumpiga mkewe, jirani wa karibu alitoka uani, akashika mchi, akaanza kutwanga. Wa pili akimsikia, naye akatwanga. Muda si muda uchochoro mzima ulikuwa unavuma vinu, na wanaume waliokaa barazani au waliokuwa msikitini hawakusikia kitu ila wanawake wanatayarisha chakula. Hilo tuliliita kumsitiri mwenzio. Kesho yake aliyepigwa aliweza kwenda bombani kuchota maji na kichwa chake kiko juu, kwa kuwa hakuna aliyesikia. Mwenye mtama alitwanga mtama, mwenye makopa ya muhogo alitwanga makopa, na asiye na kitu alitwanga kinu kitupu. Kinu kitupu kina mlio wake, mkavu, unaogonga mpaka kwenye meno. Mimi nilikua nikiusikia mlio huo zaidi ya muziki wowote.

Mama yangu ndiye aliyekuwa wa mwanzo. Wengine walingoja pigo lake. Alikuwa mjane, mwenye mabega ya kiume na mguu mmoja wa kuvuta. Mguu ule, alituhadithia tangu tungali wadogo, aliuvunja alipoanguka ngazini katika nyumba moja ya ghorofa Mji Mkongwe alikokuwa akifua nguo, na marehemu baba akaenda kumchukua, akambeba mgongoni mpaka Ng'ambo, watu wakimwangalia. Nilikipenda kisa hicho kuliko visa vyote. Baba alikufa nikiwa mdogo, na sehemu kubwa ya baba niliyokuwa nayo ilikuwa mgongo ule uliombeba mama.

Dada yangu mkubwa aliolewa nyumba iliyopakana na yetu. Mumewe alikuwa karani katika ghala la karafuu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na salamu ndefu. Akipita barazani wazee walimsifu kwa adabu zake. Alirudi kazini mchana, akala, akalala kidogo, na akiamka kabla ya alasiri, hapo ndipo dada alipokuwa hajui siku yake itakwendaje. Chumvi ikizidi, kibao. Chumvi ikipungua, kibao. Akijibu alipigwa kwa kujibu, akinyamaza alipigwa kwa kiburi. Alitumia mkanda, na mkanda ukimchosha alitumia miguu.

Sitaisahau alasiri ile dada ana mimba ya kwanza, tumbo lishakuwa kubwa. Nilikuwa uani nasuka ukili. Nikasikia sahani imepasuka, kisha kitu kizito kimegonga kiambaza chetu mpaka udongo ukadondoka upande wetu. Mama alishasimama, mchi mkononi.

"Mama, si dada huyo?"

"Najua ni nani. Shika mchi wa pili."

"Sishiki! Twende tukamtoe!"

"Tukamtoe tumpeleke wapi? Mume ndiye sitara yake. Shika mchi, mwanangu, watu watasikia."

Akaanza. Mtaa ukampokea. Mimi nilisimama katikati ya ua nimeziba masikio, na bado nilimsikia dada yangu, kwa sababu kila michi ilipopanda kabla haijashuka sauti yake ilipenya katika nafasi ile ndogo. "Tumbo! Bwana, tumbo!" Mchi ukashuka. "Tumbo langu!" Mchi ukashuka. Jasho lilimtiririka mama usoni, na ndani ya kinu hamkuwa na punje hata moja.

Mtoto alitoka usiku ule, wa kiume, mzima kila kiungo, amekufa. Mama alimwosha dada damu kwa mikono yake mwenyewe. Bi Mzungu alipofika siku za baadaye na kumkuta dada amelala kitandani kwetu, uso umevimba rangi ya biringani, aliketi sakafuni karibu naye akamuuliza kwa sauti ya chini imekuwaje. Dada alimtazama mama kwanza.

"Nliteleza chooni," akasema.

Nilifasiri na meno nimeyauma.

Mjomba wetu, kaka wa mama, alikuwa amekuja kutoka shamba kwa ajili ya maziko. Alipoona mgongo wa dada hakula chakula. Yeye ndiye aliyempeleka kwa kadhi kudai talaka, na sisi tukafuatana nao. Shemeji alikuja na kanzu yake safi, akasema kwa upole kwamba mkewe alikuwa na mimba nzito, kateleza, na yeye mwenyewe hajalala kwa huzuni ya mwanawe. Alilia. Machozi ya kweli, nakwambia, yakamlowesha ndevu. Laiti ningekuwa na mchi pale.

Kadhi alikuwa mzee mtaratibu, na alimsikiliza dada mpaka mwisho. Kisha akauliza ni nani aliyesikia. Nyumba zimepakana, akasema, ukelele wa mwanamke hausikiki? Akamgeukia mama yangu.

"Wewe jirani na mzazi wake. Ulimsikia mwanao akipiga ukelele?"

Mama alivuta buibui lake. "Nlikuwa natwanga, Shehe. Sikusikia."

Akaulizwa jirani wa upande wa pili. Naye alikuwa akitwanga. Wa mbele ya nyumba, alikuwa akitwanga. Wote walisema kwa mazoea, kwa namna waliyozoea kumsitiri mtu, na hakuna aliyefikiri kwamba safari hii sitara ile ile ndiyo inayomfungia mwenzao mlango. Dada hakulia. Aligeuka akamwangalia mama, akamwangalia tu, kama mtu aliyefika nyumba anayoijua na kukuta hakuna mwenyewe. Kadhi akamuusia shemeji amche Mungu, akamwambia dada arudi kwa mumewe.

Mama hakunena nami njia nzima, wala siku zilizofuata. Alikula kidogo, akakaa uani akikitazama kinu. Mimi sikumhurumia hata chembe. Nilipita mbele yake bila shikamoo, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumtemea mtu mate, na yeye hakunikaripia.

Halafu ikafika alasiri nyingine. Adhana ilikuwa imekwisha, watu wamejaa msikitini mwisho wa uchochoro wetu, na shemeji hakwenda kusali. Tukasikia mlango umekomewa kwa ndani. Tukasikia mkanda. Dada alikuwa amejizuia mwanzoni, tulisikia ngozi tu ikipigwa na pumzi yake, kisha kitu kikalia kama kuni inayovunjwa gotini, na dada akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu wala mnyama.

Mama aliinuka. Nyua zote zilikuwa zinamngoja. Nilimwona jirani wetu kwa juu ya ukuta mfupi, mchi ushainuliwa, macho kwa mama. Mama akashika kinu. Akakipindua kifudifudi. Akakikalia.

Jirani akabaki na mchi wake hewani. Kisha akaushusha taratibu, akaulaza chini, akakaa. Mbele ya nyumba hakukusikika kitu. Nyuma hakukusikika kitu. Sijapata kuujua mtaa wetu kimya namna ile, na ndani ya kimya kile dada yangu alisikika kila herufi. Aliita mama. Aliita Mungu. Alisema, "Mkono umeshavunjika, basi, basi, umeshavunjika," na mkanda ukaendelea. Mama amekaa juu ya kinu, mikono magotini, machozi yanamtoka na hayafuti. Alikuwa akingoja wasikie.

Wakasikia. Walitoka msikitini na nyayo za udhu bado mbichi, imamu mbele, muadhini nyuma yake, na wazee wale wale waliokuwa wakimsifu shemeji kwa adabu. Imamu akagonga mlango kwa kiganja. Shemeji alipofungua alikuwa anatabasamu, na mkanda aliusahau mkononi.

"Karibuni. Kuna nini, masheikh?"

"Tumesikia," imamu akasema.

Mimi nilipita chini ya mikono yao na kuingia. Dada alikuwa pembeni mwa kitanda, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi, mdomo umejaa damu. Nilitoka mbio uani kwetu, nikachukua mchi, nikarudi, na nikampiga nao shemeji wa bega kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikasikia umemwingia. Ningempiga wa kichwa kama muadhini asingenishika kiuno. Sijutii. Nimezeeka, nimekwenda Makka, na bado sijutii.

Mbele ya kadhi, mara hii wanaume wa msikiti walisimama mmoja mmoja wakasema walichosikia, na talaka ikatoka. Shemeji alizunguka mabarazani bega lake limefungwa kitambaa, akilalamika kwamba kapigwa na mtoto wa kike. "Pole, bwana," wakawa wanamwambia. "Umeteleza wapi?"

Dada alirudi kwetu. Mkono uliunga vibaya, haukunyooka tena, na kwa muda mrefu alishtuka mtu akiweka sufuria chini kwa nguvu. Mimi na mama tulisalimiana tena, lakini kulikuwa na kitu hakijapoa baina yetu. Nilikuwa nikimwambia moyoni kwamba mwanamke aliyebebwa mgongoni na mumewe hawezi kujua dada alipitia nini, ndiyo maana alitwanga.

Bi Mzungu alipokaribia kurudi kwao alifanya mzunguko wa mwisho. Akaja kwetu, akapiga hodi, akakaa, miguu sasa imejua pa kuwekwa. Alimuuliza dada kuhusu mtoto yule, kama alivyomuuliza siku ile. Dada alikuwa anapeta mchele kwa mkono mmoja. Safari hii hakumtazama mtu.

"Sikuteleza," akasema. "Mume wangu alinipiga mateke ya tumbo."

Nikafasiri. Bi Mzungu aliinamisha kichwa, na kalamu yake haikuandika. Nadhani alikuwa anazikumbuka sakafu zote zile. Mchele ulirukaruka katika ungo. Halafu mama, ambaye hakuulizwa kitu, akanyoosha ule mguu wake wa kuvuta juu ya mkeka.

"Mwambie na mimi sikuanguka ngazini," akasema.

Sikuelewa. Nikautazama ule mguu, kisha nikaelewa.

"Mama. Si ulisema baba alikubeba?"

"Kunibeba alinibeba. Mpaka hospitali, mgongoni, huku analia." Alisugua goti lake. "Alikwishanivunja. Na majirani wakatwanga mpaka akamaliza. Mwambie mgeni, mwanangu, anangoja."

Nikamgeukia Bi Mzungu, nikamwambia yote, neno kwa neno. Dada akaendelea kupeta mchele.