Nilimwambia mama asumini ni mzabibu

Wakuu heshima kwenu. Walionizidi umri humu, shikamooni.

Mimi huwa nasoma tu na kupita. Ila juzi nimeona mtu anauliza jinsi ya kupandisha asumini dirishani, nikaenda kufukua daftari langu la kidato cha pili. Ninachoandika ndicho kilichomo, sijatia chumvi.

Miaka ile ya ujamaa tulikuwa tumehamishiwa kijijini, kwetu Susuni, nyumba zimepangwa mstari. Mto tuliuacha kule kwenye boma la zamani. Kiangazi mama alitembea karibu saa nzima na ndoo kichwani.

Mimi nilikuwa bwenini. Likizo nikarudi na kijiti cha asumini nilichokata kwenye bustani ya mwalimu (bila kuomba, msinihukumu bado). Nikakipanda chini ya dirisha, nikafunga kamba za katani hadi kwenye paa.

Mama akauliza, "Bhoke, hiki kinaliwa?"

Kiangazi kile, nani angebeba maji ya maua? Nikasema, "Ni mzabibu, mama. Ule wa kwenye Biblia."

Weee! Alifurahi huyo mama! Kijiji kizima hakuna aliyewahi kuuona.

Nikarudi shule. Yeye akabaki anamwagilia kila siku, makopo mawili, akijipunja maji ya kuoga.

Likizo iliyofuata nikaukuta umegusa nyasi za paa. Na mama ameshawaahidi akina mama wa kanisani zabibu za kwanza.

Nilikuwa na wiki mbili nzima za kusema ukweli. Nikanyamaza.

Jumapili moja maua yakafunguka. Meupe, nyumba nzima inanukia. Akina mama wakapitia kwetu baada ya ibada.

Jirani yetu Mama Ghati, mtu wa utani, akazunguka dirisha mara mbili. "Mama Bhoke, zabibu ziko wapi? Au leo tunatafuna harufu?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mama aliniangalia mara moja tu. Akawaambia, "Kosa ni langu. Mtoto alisema ni maua, mimi nikataka makuu."

Walipoondoka akaniuliza, "Kwa nini?"

Nikamwambia. Kwamba wenzangu bwenini wananizibia pua, eti nguo zangu zinanuka moshi na ng'ombe. Kwamba nilitaka kwetu kunukie.

Alishika ncha ya kanga yake, akainusa.

Wakuu, aibu yangu iko hapo. Ya zabibu ilishaisha.

Kesho yake akaenda mtoni kama kawaida. Aliporudi, hata ndoo hajaitua vizuri, akachota makopo mawili akamwaga pale chini ya dirisha.

Kwa yule aliyeuliza: asumini inataka jua la asubuhi, kamba imara na maji. Ila anayekubebea hayo maji, mwambie ni ya nini.

Kama na wewe uliwahi kumwonea aibu aliyekulea, andika hapo chini. Nitasoma yote, hata nikishindwa kujibu.