Simu Iliyofunzwa Adabu

Kuna Ijumaa moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu nimekasirika. Najua kunasihi ni kazi ya wazee, na mimi mvi sina hata moja. Lakini juzi ulirudi kutoka shule umenuna, ukavua viatu mlangoni bila kusalimia, ukaniambia mwalimu wa klabu ya kompyuta amechagua watakaofundishwa kutengeneza programu za simu, na wewe hukuchaguliwa. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Ni ya wale wanaojua kompyuta tayari."

Wajue kutoka wapi? Mtoto anayelala mtaa wa Nyalenda, mama yake anauza sare za shule pale soko la Kibuye, hiyo kompyuta aijue wapi kabla hajafundishwa? Kwani siku hizi shule inapokea waliokwisha kusoma? Nililala na hasira, nikaamka nayo. Basi weka hicho kikombe chini, unisikilize.

Mimi nilisoma shule ya kutwa kule Luanda Kotieno, kando ya ziwa, karibu na pale feri ya Mbita inapopakia watu. Nilikuwa kidato cha tatu. Simu shuleni ilikuwa marufuku kama bangi. Ukipatikana nayo unarudishwa nyumbani, na mzazi anakuja kukuombea msamaha ofisini akiwa amevaa nguo za kanisa. Kompyuta tulikuwa nazo chache, za msaada, na stima ilikuja ikipenda.

Sasa katikati ya hayo akatokea Madam Nafula. Alikuwa ametoka huko upande wa Bungoma, na alikuwa anatufundisha Kilimo. Kilimo, mwanangu. Udongo, mbolea, kupe wa ng'ombe. Likizo moja alikwenda kujifunza kutengeneza apu, yaani programu za simu, akarudi akatangaza klabu, na walimu wenzake wakamcheka ofisini kwamba mwalimu wa mbolea sasa anafundisha simu. Yeye hakuona aibu. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema, "Mimi nimewatangulia likizo moja tu. Nikipotea, tutapotea pamoja."

Hakuuliza nani anajua kompyuta. Aliuliza nani anataka. Mikono ikainuka, akatuchukua sote, hata Ochola ambaye alama zake za hesabu sitazitaja hapa kwa sababu siku hizi ni baba wa watu.

Na unajua alianza na nini? Karatasi za manila. Alizikata vipande vya rangi vyenye meno na mapengo, kila kipande kimeandikwa amri: kitufe kikibonyezwa, sema, tuma, rudia. Alitueleza kwamba kwenye kompyuta kuna vipande kama hivyo hivyo, unaviburuta na kuvishikanisha, na simu inafanya ulichopanga. Huandiki zile alama za kutisha. Unachotakiwa kujua ni unataka nini, na kitangulie kipi. Kisha akatupa kila mmoja kipande chake tusimame mstari, tuwe sisi ndio simu. Rafiki yangu Adhiambo alikuwa kitufe. Ukimgusa bega, anayemfuata anasema salamu, na anayefuata anapeleka karatasi kwa aliye mlangoni. Tukisimama vibaya, salamu inatoka kabla kitufe hakijaguswa. Ochola alipewa "rudia", na hakuna aliyemwambia aache lini, basi akaendelea kusema "Habari ya asubuhi" mpaka kengele ya chakula ikalia. Tulicheka tukashika mbavu. Lakini tangu siku hiyo kila mmoja wetu alijua kwamba simu haina akili yake. Ina akili ya aliyeipanga.

Baadaye Madam akatuuliza tatizo gani la nyumbani tungetaka kulimaliza. Hapo sikufikiri mara mbili, nilimfikiria nyanya yako. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa anaondoka asubuhi na karai lake, anatembea mpaka bichi, anakuta magugu maji yamejaa ufukwe mzima, kijani kama shamba la mtu. Upepo umeyaleta usiku. Mitumbwi haiwezi kupita, imekwenda kushusha samaki bichi nyingine. Mpaka afike huko kwa miguu, samaki wazuri wamepanda lori la barafu, amebaki kuokota wadogo. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunalala njaa, si kwa uvivu wa mtu yeyote.

Tukatengeneza apu yenye vitufe viwili vikubwa. Cha kijani kina picha ya mtumbwi, chekundu kina picha ya magugu. Aliyefika bichi mapema anabonyeza kimoja kwenye simu moja itakayokaa hapo, na ujumbe unaingia kwenye simu za wanawake wote wa samaki, hata zile kabambe, simu ndogo za bei rahisi. Na kwa kuwa wengine hawasomi, simu inatamka kwa sauti jina la kila anayetumiwa, ili anayebonyeza asikie kwamba hakuna aliyesahaulika. Hilo la sauti liliwazwa na Adhiambo. Namwonea fahari mpaka leo.

Shida ilikuwa mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga wa wazazi. Aliogopa itasemwa shule yake inawagawia watoto simu. Akamwambia Madam kwamba siku ya wazazi, Ijumaa hiyo, tuonyeshe hiyo apu mbele ya wote. Wazazi wakikubali, klabu inaendelea. Wakilalamika, inafungwa siku hiyo hiyo na simu ya Madam, tuliyojaribia apu, isionekane tena darasani. Na sote tulijua wazazi watafuata neno la Mama Obuya, mkubwa wa wanawake wa samaki. Akikohoa yeye, bichi nzima inanyamaza.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe mtoto wa mjini huenda hulijui. Mwalimu mkuu alikuwa amemuoa binti ya Mama Obuya. Kwetu Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na jina la ubatizo la huyo mama halitajwi mkwe akisikia. Siku hiyo Mama Obuya alikuja akakaa nyuma kabisa ya tenti, ameelekeza uso pembeni, na mwalimu mkuu pale mbele akawa anahutubia nguzo.

Na sisi, mwanangu, wasomi wa kidato cha tatu, tulikuwa tumeingiza majina ya wale mama kama yalivyo kwenye kitambulisho. Tulidhani hiyo ndiyo heshima, kwa sababu ofisini ndivyo mtu anavyoitwa.

Adhiambo akabonyeza kijani. Simu ilikuwa imeunganishwa na spika ya kanisa. Ile sauti ya kizungu ikatoka tenti nzima, polepole, kama inamwita mtoto aliyepotea: "Ujumbe unaenda kwa Rosbela."

Rosbela ndilo jina la ubatizo la Mama Obuya. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake kama ndiyo mara ya kwanza anaviona. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa leso, sijui ni aibu ama kicheko. Mama Obuya akainuka, akafunga leso yake kiunoni, akaanza kuondoka. Wanawake wengine nao wakaanza kuokota mikoba. Klabu ilikuwa inaondoka nao, naiona hivi.

Alipofika ukingoni mwa tenti akageuka, akauliza, "Hiyo simu imelelewa na nani?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini Madam Nafula hakuomba radhi ya kujikunyata, wala hakulaumu mashine, wala hakutulaumu sisi. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Imelelewa na hawa watoto, Mama. Na bado wanailea. Keti kidogo uone ikifunzwa adabu."

Mama Obuya hakuketi, lakini hakuondoka.

Madam akageuza kompyuta tuliyokuja nayo ili wazazi waone kioo, akatuita. Mikono ya Adhiambo ilikuwa inatetemeka, kwa hivyo tukakishika kipanya cha kompyuta sote wawili, mkono wangu juu ya wake. Tukakivuta kile kipande chenye jina, kikatoka kwenye meno yake, tukakitupa kwenye picha ya pipa la taka pale kando. Wazazi wakakiona kikipotea. Kisha Adhiambo akamuuliza Mama Obuya swali ambalo tungepaswa kuuliza tangu mwanzo: "Mama, ungependa ikuite nani?"

"Mama Obuya," akasema. "Kama watu wote."

Tukaandika kipande kipya, tukakipachika, Adhiambo akabonyeza. "Ujumbe unaenda kwa Mama Obuya." Na palepale kabambe yake ikalia kutoka ndani ya leso. Akaitoa, akampa jirani yake amsomee. Jirani akasoma: bichi iko wazi, mitumbwi inashuka hapa.

Mama Obuya aliirudisha ile simu kwenye leso. Halafu akasema, hakumwambia mtu yeyote hasa, "Kumbe inawasikia." Akarudi, akaketi.

Basi wale mama wakaja mbele, kila mmoja anataka aitwe anavyopenda. Mmoja akasema aitwe mama wa wale mapacha wake. Mwingine akataka jina la kwao alikozaliwa, Nyar Alego, yaani binti wa Alego. Nyanya yako alisema, "Mimi niite hata jiwe, mradi nisitembee bure." Mwalimu mkuu akatangaza klabu itaendelea, bado anaongea na viatu.

Sitakudanganya kwamba ile apu iliishi milele. Simu ya bichi ilianguka majini msimu uliofuata, na magugu yako pale mpaka leo. Lakini misimu ile Mama alikuwa anajua kabla ya kujitwika karai aelekee wapi, na tulikula samaki wakubwa. Na mimi niliyeshika kile kipanya pamoja na Adhiambo nilijua jambo moja ambalo hata kukupata wewe mapema, hata kukosa chuo, hakujaniondolea: kitu kilichopangwa na mtu kinaweza kupangwa upya na mtu, na huyo mtu anaweza kuwa mimi.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usisubiri kujua ndipo uanze, hakuna aliyeanza anajua, hata Madam hakujua. Unapomtengenezea mtu kitu, muulize kwanza anaitwaje na anaishije. Ukikosea, kosea mbele ya watu, na urekebishe mbele yao, uone jinsi watakavyokuamini. Na mtu akikuambia kitu fulani ni cha wanaokijua tayari, jua huyo hataki kufundisha, anataka kupumzika.

Jumatatu tunaenda pamoja kwa huyo mwalimu wako. Sitapiga kelele, nimeahidi. Nimenunua karatasi za manila za rangi nne na nimezikata, ziko pale juu ya kabati. Nitazitandaza mezani kwake, wewe utakuwa kitufe, na yeye atatuonyesha asiyeweza kufundishwa ni nani.

Nenda, binti yangu. Nyasaye, Mungu wetu, akupe mikono inayotetemeka na bado inafanya kazi. Akukutanishe na mwalimu asiyeona haya kupotea na wanafunzi wake. Na kila utakachokitengeneza, kikaite watu majina wanayoyapenda.