Shikamoo Niliyomnyima Mlimani

Nimekuwa mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi hiyo inakuzoesha kusema jambo jinsi lilivyokuwa, saa ngapi, na nani alikuwepo, kwa sababu ukitia chumvi mtu anaweza kufa. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba nilimwona yule mwanamke mchana kweupe, jua likiwaka, usiniulize kama nilikuwa na homa au nilikuwa na njaa. Nilimwona na nilizungumza naye. Kama si yeye, kuna mama mmoja huko Usambara angekuwa kaburini siku nyingi, nami ningekuwa nimeacha kazi hii kwa aibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Tanga mjini, ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Nilipangiwa zahanati moja huko juu, upande wa Kwai. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu wa vitongoji vya mbali walikuwa wakihimizwa washuke wakae pamoja karibu na barabara, na sisi wa afya tulikuwa tukiambiwa tuwafuate hukohuko waliko mpaka watakaposhuka. Nilikuwa na gauni jeupe, saa ya kubandika kifuani, na kiburi. Sikufichi hilo la mwisho. Niliwaona watu wa milimani wanasema Kiswahili kana kwamba wanakipandisha mlima, na niliwacheka.

Mwezi wangu wa kwanza, Mwenyekiti wa kijiji alinipeleka kuchanja watoto katika kitongoji kimoja kilicho ng'ambo ya mgongo wa mlima. Jina la kitongoji sitalitaja, wenyewe wapo. Njia inapanda msituni, halafu inatokea juu kwenye majani na mawe matupu, ukitazama chini unaona tambarare yote ya upande wa Magoma. Katikati ya mgongo pana mwamba mkubwa kama chumba. Hapo Mwenyekiti, mtu mzima mwenye mvi, alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo." Akangoja kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa, kisha akaendelea. Hapakuwa na mtu.

"Unamwamkia nani, Ndugu Mwenyekiti?" nilimuuliza.

"Mwenye njia. Na wewe mwamkie, nesi. Hapa ndivyo tufanyavyo."

Nilicheka. Nilimwambia mimi siamkii mawe, serikali haikunituma kuamkia mawe. Wala hakukasirika. Alivaa kofia yake, akasema, "Haya. Siku moja utamwamkia," tukaenda zetu kuchanja.

Sasa sikiliza. Masika yalipopamba moto, siku moja saa tatu asubuhi, alikuja zahanati mwanamume mmoja aliyelowa chapachapa, jina lake Athumani. Alitoka kitongoji kilekile. Mke wa kaka yake, Amina, alijifungua alfajiri. Mtoto mzima, wa kike, lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu ilikuwa inakuja. Nani asiyejua maana yake? Damu ya namna hiyo haikupi siku nzima. Nilimtuma Athumani ateremke Lushoto akaombe gari la wagonjwa lisogee hadi mwisho wa barabara, iwapo tutahitaji kumbeba. Mimi nikachukua mkoba wangu.

"Njia unaijua, nesi?"

"Naijua," nilisema. Niliijua kama mtu aliyepita mara moja akitazama mgongo wa mwingine.

Nikiwa msituni ikashuka mvua ya mawe. Nilijibanza kwenye shina la mti mkubwa wa mkulo, mkoba nimeukumbatia, na kelele ile sijawahi kuisikia tena maishani. Katikati ya kelele nikasikia kishindo kizito mahali fulani mbele, ardhi ikatikisika kidogo, nikadhani ni radi. Baada ya robo saa ikakatika ghafla. Jua likatoka.

Nilipochomoza juu mgongoni nilisimama bila kutaka. Mlima wote ulikuwa mweupe. Theluji nilikuwa nimeiona kwenye picha za Kilimanjaro tu, na hapa palikuwa hivyohivyo, punje za barafu zimejaza majani, mawe na njia, jua linazipiga hadi macho yanatoa machozi. Hewa ilikuwa safi, baridi, ndege wameanza kulia. Kwa dakika moja, Mungu anisamehe, nilimsahau Amina nikafurahi tu kwamba mimi ni mzima na naona kitu kile.

Halafu nikaona mtu kwenye mwamba.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi, hazidi. Amejifunga kaniki iliyopauka, ya zamani, na shingoni shanga za bluu mkufu mmoja. Lakini kilichonishika macho ni tumbo. Alikuwa amefungwa mkaja, ule ufungaji wa kukaza wa mzazi mbichi, na mimi kazi yangu nilikuwa naijua. Mwanamke huyu amejifungua jana au juzi. Anatafuta nini mlimani, miguu mitupu, kwenye barafu?

Alisimama katikati ya njia ananitazama. Nilingoja aniamkie. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye nesi. Hakuniamkia. Naye ni kama alikuwa anangoja kitu kutoka kwangu.

"Wewe dada, umejifungua lini?" nilimuuliza kwa ukali. "Nani amekuruhusu kutoka nje? Rudi ndani ujifunike." Hakujibu. Nikasema moyoni, watoto wa siku hizi hawana adabu hata huku milimani. Nikampita pembeni, nikikanyaga majani, wala sikumtazama tena.

Nilitembea kama dakika ishirini. Njia ikazunguka kilima, ikapanda, ikashuka, nikaona mwamba mbele yangu. Mwamba uleule. Na msichana yuleyule, pale pale. Kwenye barafu kulikuwa na alama za mabuti yangu ya mpira, zinampita pembeni.

Nilijiambia nimekosea, pale mwambani njia zinagawanyika mbili, basi nimeshika isiyo yangu. Nikashika ya pili, nikawa nakimbia sasa, mkoba unanipiga ubavuni. Niamini, sikukata kona hata moja. Njia ile ikanitoa mwambani upande wa pili. Saa ya kifuani ilikuwa saa sita kasoro. Nilihesabu tangu alfajiri, nikaona uso wa mwanamke nisiyemjua ukigeuka kuwa kama majivu, na mimi nazunguka mlimani kama kuku aliyefungwa kamba. Nilianza kulia.

Kwa mara ya kwanza nilimtazama vizuri yule msichana. Miguu yake ilikuwa juu ya barafu lakini haikuwa imelowa. Pale alipokuwa amesimama, na pande zote kumzunguka, hapakuwa na unyayo hata mmoja ila wangu. Hakunitazama usoni. Alikuwa anautazama mkoba wangu.

Hofu niliyoipata sina haja ya kukueleza. Lakini nakwambia ukweli, hata na hofu ile, kiburi kilikuwa bado kinabisha. Mimi nimwamkie huyu, niliyemzidi miaka sita? Kisha nikamkumbuka Mwenyekiti na kofia yake mkononi. Nikamkumbuka Amina. Nikapiga magoti kwenye barafu, gauni jeupe na yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko umri wake, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyelia sana jana. Ila mwishoni ilipanda kidogo, kama anataka kucheka. "Umechelewa," akasema. "Twende."

Hakushika njia ya kushoto wala ya kulia. Alipita nyuma ya mwamba, mahali nilipoona majani na barafu tu, akateremka moja kwa moja. Nilimfuata nikiweka buti pale alipoweka mguu, na sikuteleza hata mara moja, mimi mtoto wa Tanga ambaye hata ngazi za hospitali zilikuwa zikinishinda. Nilipoanza kuuona moshi wa nyumba chini, akasimama, mkono juu ya mkaja wake.

"Usimwache asinzie," akasema.

Niliinama kuufunga mkoba uliofunguka. Nilipoinua kichwa nilikuwa peke yangu. Nyuma yangu mteremko mweupe ulikuwa unang'aa, na msururu wa nyayo ulikuwa mmoja tu, wa mabuti yangu.

Nyumbani nilimkuta Amina amelala kwenye mkeka, midomo imekuwa myeupe. Nyuma yake alikaa mama mkwe wake, bibi wa miaka sitini na kitu, amemwegemeza kifuani. Macho ya Amina yalikuwa yanafumba. "Usimwache asinzie, bibi," nilisema, na bibi akaanza kumpiga mashavuni taratibu, akimwita jina na kumsemesha Kishambaa. Mimi nikanawa, nikafanya kazi yangu. Kondo nililitoa kwa mkono, nikampiga sindano, nikamsugua tumbo mpaka nikalisikia limekaza chini ya kiganja changu. Damu ikapungua, ikasimama. Kama ningechelewa nusu saa nyingine, nisingekuwa na hadithi hii, ningekuwa na nyingine ambayo nisingemsimulia mtu. Nilikaa sakafuni nikamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakiwa wananitazama.

Alasiri, Amina akinywa uji, bibi alininawisha mikono, akanishukuru kwa Kishambaa, "Hongea, mwanangu." Kisha akauliza, "Umepita wapi? Wakati wa mvua ya mawe tulisikia mlima umeporomoka. Wanaume wamekwenda kutazama. Njia imekatika, hapiti hata mbuzi. Tulikwisha kusema, nesi hafiki."

"Nimepita nyuma ya mwamba."

"Nyuma ya mwamba hapana njia tangu nilipokuwa msichana. Nani kakuonyesha?"

Nikamweleza. Kaniki, shanga za bluu, mkaja. Nilipofika kwenye mkaja, bibi aliweka bakuli chini.

Akaniambia kwamba mama yake alimzaa wakati wa Wajerumani, akiwa bado mwari. Kondo halikutoka. Siku ya pili wanaume wakamlaza kwenye machela wampeleke kwa wamisionari, wakapita njia ya zamani, ile ya nyuma ya mwamba. Walipoitua machela mwambani wapumzike, akafa hapo. Mtoto alikuwa amebaki nyumbani. Mtoto huyo ndiye huyu bibi. Tangu hapo, kila apitaye humwamkia, mzee kwa kijana, maana yeye ni mama wa watu wale wote. Na ndiyo sababu bibi alikuwa hataki kusikia habari ya kuhamia barabarani.

"Ulipomwamkia," aliniuliza, "alikuitikia?"

"Aliniitikia, bibi."

Bibi akanisogelea. "Mimi namwamkia tangu nijue kusema. Hajaniitikia hata siku moja." Kisha akanishika mkono. "Sauti yake ikoje?"

Ungemjibu nini? Nilijaribu kueleza, nzito, ina mikwaruzo, inapanda mwishoni. Akatikisa kichwa, maelezo hayakumtosha. Akainuka, akaja mbele yangu, mwanamke yule mwenye wajukuu, akapiga magoti. "Shikamoo, mama," akasema.

Nilitaka kumwinua. Nilitaka kumwambia bibi, hii ni dhambi. Lakini nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na mwishoni ikapanda kidogo. "Marahaba, mwanangu." Bibi alilia kama mtoto mchanga, na mimi nikalia naye, hata Amina kwenye mkeka wake akalia.

Tangu siku ile marahaba yangu ndiyo hiyo. Maneno mengine nasema kwa sauti yangu, lakini ukiniamkia, utadhani nina mafua. Watoto wangu wamezoea. Mwaka uliofuata kitongoji kilishuka barabarani, na bibi akashuka nacho bila kubisha tena. Kila siku ya gulio alipita zahanati, akaingia ndani bila kujali foleni, akainama mbele yangu, "Shikamoo, mama." Wagonjwa wapya walishangaa, mzee anamwamkia binti. Nilimwitikia, akatabasamu, akaenda kununua chumvi yake. Alifanya hivyo miaka saba, mpaka alipofariki. Mtoto wa Amina alipewa jina la yule wa mwambani, naye sasa ana watoto wake, wote nimewapokea mimi.

Kwa hiyo nakuonya, wewe utakayepita huko. Ukifika kwenye mwamba ulio katikati ya mgongo, vua kofia, mwamkie mwenye njia, hata kama humwoni. Na ukimkuta amesimama, usianze kupima nani kamzidi mwenzake miaka, utazunguka mlimani mpaka mtu afe. Akikuitikia, isikilize sauti yake vizuri, uishike. Huenda kuna mtu huko chini ameingoja maisha yake yote.