Vipele vya Yohana

Laiti ningekataa kumpa Yohana kidonge kile cha mchana. Hadi leo nikisikia harufu ya dagaa walioanikwa juani, narudi uani kwetu Rusimbi, mwaka ule wakimbizi kutoka Burundi walipojaa mwambao wa ziwa. Yohana na mama yake walipewa chumba nyumbani kwetu. Mama yake hakujua Kiswahili, na Kiha chetu kinasikilizana na Kirundi, kwa hiyo mimi, ingawa mtoto, ndiye niliyewapeleka zahanati mguu wa Yohana ulipotunga usaha. Muuguzi alitoa vidonge vya penisilini, akanishika bega. "Tumbo likimsumbua au akiharisha kidogo, ale uji, aendelee. Lakini akitoka vipele vya kuwasha, akivimba midomo au akihema kwa shida, acheni dawa, mje mbio. Umesikia, baba?" Nilisikia. Njiani nikamweleza mama yake habari ya tumbo tu, maana Yohana alikuwa akinitania na mimi nilikuwa hoi kwa kucheka.

Kesho yake vipele vikamtoka, vikubwa, vyekundu, naye akijikuna huku akilia. Bibi yangu aliwaacha dagaa wake, akamtazama, akafurahi, akidhani ni surua. Kwetu surua ikishatoka nje, mgonjwa alihesabiwa amepona nusu. Basi Yohana akafungiwa ndani asipigwe na upepo. "Bibi, muuguzi alisema..." nilianza.

"Ehe! Mume wangu, udaktari umeuanza lini?"

Majirani waliokuja kumwona mgonjwa wakaangua kicheko. Mama Yohana hakucheka. Aliniuliza kwa lugha yake, taratibu, "Mwanangu, alisema nini?" Nilimtazama bibi, kisha nikamjibu, "Alisema dawa iendelee." Nikamimina maji, nikamwekea Yohana kidonge mkononi. Akakimeza bila kusita, kwa kuwa niliyempa ni mimi. Haukupita muda midomo ikavimba, pumzi ikawa inapiga filimbi kifuani. Tulipomtoa nje kumkimbiza zahanati, alikuwa ameshanyamaza.

Siku hizi wajukuu wangu wakipewa dawa, namuuliza mhudumu kila kitu mbele ya foleni nzima, watu wakiguna, na watoto wananionea haya. Waone tu. Mama Yohana aliendelea kuniita mwanangu mpaka alipohamishiwa kambini, nami nilikuwa nikijificha nisiitike. Sikumwambia kamwe alichosema muuguzi. Niliogopa kuchekwa, na rafiki yangu akafa kwa kidonge nilichompa mimi.