Moshi Unaonukia Fyulisi

Mdogo wangu wa mwisho aliporudi Lushoto kwa likizo ya chuo, nyumba ilianza kunukia fyulisi. Ilikuwa Julai, baridi imekaza, na mfyulisi wetu nyuma ya jiko haukuwa hata na jani la kujisifia. Mama akauliza nani kanunua matunda akayaficha. Tukaapa wote.

Kesho yake nilimkuta msomi wetu dirishani akivuta kitu kama kalamu nene ya rangi ya waridi, wingu limemfunika uso.

"Unavuta sigara?"

Alinitazama kwa huruma, kama wasomi wanavyotutazama sisi wakulima wa kabichi. "Dada, hii si sigara. Ni mvuke tu."

Mimi mvuke naujua. Unatoka kwenye sufuria ya makande kila siku, na sijaona mtu akiukimbilia kabla ya kunawa uso. Yeye alikuwa akiamka anapapasa chini ya mto hata kabla ya kumwamkia mama. Umeme ukikatika, halalamikii giza. Anapanda kwa jirani mwenye sola kuomba achaji hiyo kalamu yake kidogo, kwa unyenyekevu ambao mama hajawahi kuuona akimtuma maji.

Jumamosi timu yetu ilicheza na ya Shume. Kabla ya chuo alikuwa winga wa kuogopwa, kwa hiyo kocha alimwanzisha bila kuuliza. Alikimbiza mpira mara ya kwanza, tukashangilia. Mara ya pili akasimama katikati ya njia, mikono magotini, anakohoa hadi machozi.

"Mpeni kiti msomi!" mtu akapaza sauti, na uwanja mzima ukacheka. Nami nilicheka. Aliyeingia badala yake ni muuza viazi mwenye kitambi, na alikimbia mpaka mwisho.

Mama alisema watu wa Shume wamemroga. Nikamwambia mchawi yumo mfukoni mwa mwanawe. Kifua kilipoendelea kumbana, nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana, karibu rika lake. Nilimweleza habari za ile kalamu ya waridi. Alimsikiliza mgongoni, kisha akanyoosha mkono.

"Kitoe hicho kifaa."

"Ni mvuke tu, daktari. Wenzangu wote wanavuta."

"Kina nikotini, ileile ya sigara. Ndiyo inayokuamsha asubuhi. Na hizo ladha, kitu kikifaa tumboni si lazima kifae mapafuni."

Mdogo wangu akakitoa mfukoni.

Alikitupa mwenyewe. Siku zilizofuata aligombana na kuku, akagombana na mama, akasukuma sahani. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, mengi na mazuri. Kisha nikamkuta jikoni kikombe kinamtetemeka mkononi, chai inamwagika.

"Dada, sikujua kama kimenishika hivi," akasema.

Maneno yangu nikayaweka kando. Nikamwongezea chai, nikakaa naye.

Aliporudi chuoni alikirudia. Alinipigia simu mwenyewe kuniambia, kwa aibu, kisha akaacha tena. Sasa hivi anasema ameshaacha, nami namwamini kiasi. Jioni huwa anakimbia uwanjani, akichoka anatembea. Wenzake wanamwita shehe kwa kukataa kuvuta nao.

"Na wewe unawajibu nini?" nilimuuliza juzi.

"Siwajibu, dada. Nikiwajibu pumzi inaniishia."